Siku Bila Tatizo

Siku ya ishirini na sita pipa lilianza kupiga mluzi.

Ulikuwa mluzi mdogo tu, kama wa mtu anayemwita mwenzake uani bila kutaka wakwe wasikie. Alfredi, mpishi wa korosho pale kiwandani, alilizunguka lile pipa la mvuke mara mbili, akainama, akatega sikio. Akakaza nati za kifuniko kwa spana. Kisha akalowesha kipande cha gunia na kukizungushia pale mvuke ulipokuwa ukichungulia. Mluzi ukanyamaza. Wanawake arobaini waliokuwa wakibangua korosho upande wa pili wa banda waliinamia mashine zao kama watu waliozaliwa viziwi.

Uziwi huo ulitokana na ubao.

Ubao ulitundikwa mlangoni, kila aingiaye aupite. Juu uliandikwa kwa rangi nyeupe: SIKU BILA TATIZO. Chini yake palikuwa na namba ya chaki. Kila asubuhi meneja, Bwana Eliakimu, alifuta namba ya jana na kuandika ya leo, kisha akarudi hatua mbili nyuma kuitazama, kama mtu anayetazama mahindi yake yakichipua. Siku thelathini zikitimia bila mtu kuripoti tatizo, kila mfanyakazi atapata kilo mbili za sukari. Akitokea wa kuripoti, namba inarudi sifuri, na jina lake linaandikwa pembeni ili ijulikane tatizo limetoka kwa nani.

Mara ya kwanza hesabu ilivunjika siku ya tisa. Regina alisema choo kimejaa. Choo hakikuzibuliwa, ila jina la Regina lilikaa ubaoni wiki nzima, na wenzake waliokosa sukari wakamwita Mama Choo mpaka sokoni. Baada ya hapo matatizo yote yaliisha. Kiwanda kizima kikapona siku moja.

Eliakimu hakuwa mtu mbaya, na ndiyo shida yenyewe, maana mtu mbaya watu humkwepa mapema. Serikali ilipojitoa kwenye biashara ya korosho na kiwanda chake kikubwa kikabaki ghala la popo, tajiri mmoja alijenga hiki kidogo kando ya njia ya Lisekese, akamweka Eliakimu kukiongoza. Akampeleka semina ya wiki moja ya uongozi. Alirudi na faili lenye zipu na sentensi moja aliyoipenda sana: watu hufanya kile wanacholipwa. Semina ilisema kweli tupu. Alilipa ili asisikie matatizo, na hakuyasikia.

Kosa lake jingine lilikuwa kubwa zaidi, nalo hakulitoa semina. Lilianzia siku aliyofika.

Siku hiyo tajiri alikuwa akimtembeza bandani. Kibibi, Myao mwenye ulimi usio na breki, alipopata habari kwamba meneja mpya ni Mngoni wa Songea, alisimama na kupiga vigelegele.

"Karibu, mtani! Babu zako walitujia na mikuki, wewe umetujia na kalamu. Mwaka huu mtatuua kwa wino!"

Banda zima lilicheka. Tajiri naye alicheka. Eliakimu, aliyekuwa amefunga tai kwa mara ya tatu maishani mwake, alihisi shingo ikiwaka moto. Kesho yake tangazo likabandikwa: UTANI MAHALI PA KAZI NI MARUFUKU. ATAKAYEKUTWA ATAFUKUZWA.

Huko kwao Songea alijua vizuri kazi ya mtani. Mtani ndiye anayekwambia kanzu yako imechanika nyuma, na huna ruhusa ya kukasirika. Lakini hapa alikuwa meneja, na aliona meneja hawi mtani wa mtu.

*

"Mpira unaoziba kifuniko cha pipa umekwisha," Alfredi alisema jioni ile, akikata tonge la ugali wa muhogo. "Umekuwa kama sikio la mbuzi mzee. Ukiugusa unamomonyoka."

Mkewe Winfrida alikuwa akipaka mafuta ya mbarika kwenye vidole vyake. Maganda ya korosho yana utomvu unaochoma ngozi, na vidole vya Winfrida vilikuwa na madoa meusi ya miaka sita, ingawa kwa miezi mitatu sasa havikushika korosho. Alikuwa mbanguaji hodari kuliko wote. Korosho kumi, tisa nzima. Kwa ajili hiyo Eliakimu alimpa usimamizi, akampa na stuli ndefu ya kukalia. Hivyo kiwanda kilipoteza mbanguaji bora na kupata msimamizi asiyejua kufoka.

"Umemwambia meneja?" aliuliza.

"Mimi nitamwambiaje? Utaratibu unasema tatizo linapita kwa msimamizi. Msimamizi si huyu ninayekula naye?"

"Baba Yuster, leo ni siku ya ishirini na sita."

"Pipa halijui kuhesabu."

Binti yao Yuster, wa darasa la sita, alicheka. Baba yake akamkonyeza. Winfrida hakucheka.

"Zimebaki siku nne," alisema. "Idi inaangukia hapo hapo. Wenzangu nusu wamefunga. Wanafuturu uji wa chumvi tangu mwezi uandame, wanaisubiri sukari hiyo. Nikasema mimi, jina langu liandikwe pale?"

"Basi usiseme. Nitalibembeleza." Alfredi alilamba vidole. "Lakini lori la Newala likifika na korosho zilizoloa, sitaweza kubembeleza. Zile zinataka moto wa haraka."

Mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara, na lori lilikuwa limekwama kwenye mteremko wa kushuka uwanda wa juu kwa siku ya tano. Winfrida alijikuta anaombea likwame siku nyingine nne. Akaona aibu, akaondoa vyombo.

*

Asubuhi ya ishirini na saba mluzi ulirudi, safari hii ukiwa na sauti mbili. Winfrida alishuka kwenye stuli yake, akapita katikati ya meza kuelekea ofisini. Alifika meza ya tatu.

"Unakwenda wapi, Mama Yuster?" Julia aliuliza bila kuinua uso.

"Ofisini."

"Kufanya nini?"

Winfrida alitazama mlango wa ofisi. Mashine za karibu zilipunguza mwendo.

"Dada, mimi sikukatazi," Julia alisema. "Cheo ni chako, mume ni wako. Ila nimeshawaahidi wanangu maandazi. Mimi siwezi kuwaambia maandazi yameliwa na pipa."

"Siku tatu tu, Mama Yuster," mwingine alidakia. "Hata mimba hukaa miezi tisa."

"Wewe kwako mnakula mishahara miwili," alisema wa tatu, taratibu, ile ya kusikika.

Winfrida alimtazama Kibibi. Enzi za zamani Kibibi angekuwa ameshasimama na kumfokea Alfredi, mtani wake mwingine, mbele ya watu: Mmakua wewe, pipa linakulilia, unaliambia nyamaza! Wangecheka, meneja angechungulia kujua kicheko ni cha nini, na neno lingekuwa limefika bila mtu yeyote kulipeleka. Kibibi alifungua kinywa. Akatazama tangazo ukutani. Kisha na yeye, tuseme kweli, aliwaza kilo mbili zake. Akafunga kinywa, akakanyaga mashine.

Winfrida aliendelea peke yake, akabisha hodi.

"Karibu, karibu, Mama Yuster!" Eliakimu alinyanyuka kabisa. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Bwana Meneja."

"Nilikuwa naandika barua kwa mzee Dar es Salaam. Unajua nimeandika nini? Kwamba kiwanda kina siku ishirini na saba bila tatizo hata moja. Na nimekutaja kwa jina. Nimesema, huyu mama ni mfano. Angalia, watu wake wametulia kama maji ya mtungi." Aligeuza karatasi ili aone. Kweli, jina lake lilikuwepo, limeandikwa kwa mashine. Hakuwahi kuliona likiwa limepigwa taipu. "Haya, niambie. Ulikuwa na shida gani?"

Neno shida lilipotoka, Eliakimu mwenyewe alilisikia, na uso wake ukabadilika kidogo. Si kwa hasira. Kwa hofu ya mtoto aliyepanga vijiti vyake vizuri na kumwona mtu mzima anakuja na mguu mkubwa.

Winfrida aliiona ile hofu.

"Nilikuja kuomba chaki," alisema.

"Chaki?"

"Ya kuandika namba za meza."

Alimpa kipande kizima, kipya. Winfrida alikifunga kwenye pindo la kanga, akatoka. Alipopita penye pipa, Alfredi aliinua nyusi. Winfrida akatikisa kichwa. Alfredi akacheka, akachukua gunia jingine.

*

Lori la Newala lilifika siku ya ishirini na tisa saa nne asubuhi, limejaa tope mpaka kwenye vioo. Korosho zilikuwa zimeloa na zimeanza kunuka. Eliakimu alitoka na faili.

"Alfredi, hizi ziive leo zote. Inawezekana?"

Alfredi alitazama pipa. Akatazama ubao. Akamtazama mkewe kwenye stuli.

"Inawezekana, Bwana Meneja."

"Hakuna tatizo?"

"Hakuna tatizo."

Alijaza pipa zaidi ya kawaida, akaongeza maganda motoni, na kifunikoni akaegemeza gogo la mkorosho kulisaidia gunia. Saa nane mchana mluzi ulikoma wenyewe. Wale waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba kimya kile ndicho kilichowafanya wageuke. Alfredi naye aligeuka. Akasogea kutazama kwa nini.

Mpira ulitoka wote kwa mkupuo mmoja. Gogo lilirukia paa. Mvuke ulimfunika Alfredi kuanzia usoni hadi kiunoni, naye hakupiga kelele, maana aliuvuta ndani. Alitembea hatua nne tano mikono ikiwa mbele, kama anayetafuta mlango kwenye chumba kisicho chake, akakaa chini taratibu kando ya meza ya Julia.

Petro, dereva wa lile lori, ndiye aliyemkimbiza hospitali, korosho nusu zikiwa bado nyuma. Winfrida alimshika kichwa njia nzima, na ngozi ilibaki kwenye kanga yake.

*

Jioni ile Eliakimu alikaa mbele ya ubao kwa muda mrefu akiwa na kitambaa mkononi. Alikuwa amelia, macho yalionyesha. Lakini barua ilishakwenda Dar es Salaam, na sukari ilishanunuliwa, ipo stoo kwenye magunia. Na akawaza: wanawake hawa wamefunga mwezi mzima, je, niwanyime kwa ajali isiyo kosa lao? Na akawaza tena: kwani nani ameripoti? Ajali ni ya Mungu. Tatizo ni kitu kinachoripotiwa.

Kesho yake akaandika 30.

Sukari ikagawiwa. Hakuna aliyekataa, wala hakuna aliyeshangilia. Kila mmoja alipokea mifuko yake miwili akiwa ameangalia kando. Ya Winfrida ilikuwa kilo nne, kwa kuwa ni msimamizi. Kibibi aliibeba kwa niaba yake mpaka nyumbani, akaiweka juu ya kinu, akakaa kwenye mkeka na Winfrida, aliyerudi mara moja kutoka hospitali kuchukua shuka, bila kusema kitu. Kwa Kibibi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kufunga.

Alfredi alikufa mchana wa Idi.

Msiba ulipoanza, Yuster alitafuta kitu cha kutia kwenye chai ya wageni, akaona mifuko juu ya kinu. Watu walikunywa. Mzee mmoja aliyetoka Lukuledi alisifu: chai ya msiba huu ni tamu. Wanawake wa kiwandani walitazamana, kisha wakaangalia ndani ya vikombe.

*

Siku ya maziko Eliakimu alikuja na shada la maua ya karatasi na ile tai yake. Watu walimpisha. Padri alikuwa ameshamaliza sala, na vijana walishika kamba kushusha jeneza, ndipo Kibibi akaruka mbele na kukaa juu ya udongo uliochimbwa, miguu ikining'inia kaburini.

"Haendi popote huyu!" alisema. "Mmakua wangu, haendi! Watani hatujalipwa."

Watu walishusha pumzi, wengine wakatabasamu ndani ya machozi. Walikuwa wakimsubiri. Maziko bila mtani ni kumtupa mtu. Kibibi alichana ukingo wa kanga yake, akaufunga shingoni kama tai, akavuta kifua mbele.

"Ndugu Alfredi!" Ilikuwa sauti ya Eliakimu kabisa, mpaka kikohozi chake. "Umetuangusha! Kuungua siku ya ishirini na tisa? Siku moja tu ungengoja, bwana, uchukue sukari yako ndiyo uungue! Hebu amka ujaze fomu!"

Kicheko kililipuka, kikageuka kilio katikati, kama inavyokuwa. Winfrida alicheka na yeye, mdomo umefunikwa na mkono, mabega yakitikisika. Eliakimu alisimama na shada lake. Pale makaburini hapakuwa na ukuta wa kubandika tangazo. Alijua desturi, akatoa noti ya elfu kumi, akamnyooshea Kibibi.

"Haya, mtani," alisema kwa sauti ndogo. "Nimelipa. Mwache apumzike."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, mtani. Kibibi hakuigusa ile noti.

"Hela yako siitaki, Mngoni. Nataka neno moja. Waambie watu hawa mpira ulikuwa na muda gani unalia."

Eliakimu alimtazama. Akawatazama wengine.

"Mpira gani?" akasema.

Hakuna aliyecheka. Walingoja aendelee, wakidhani anatafuta uongo. Halafu, mmoja mmoja, wakaona kwamba hatafuti kitu. Hakujua. Watu zaidi ya arobaini walikuwa wakijua kwa siku nne nzima, na aliyekuwa hajui ni yeye peke yake.

"Mpira wa kifuniko cha pipa," alisema Dastani, mpakia magunia. "Uliokwisha. Uliomuua."

"Ule mweusi? Wa duara?" Eliakimu alichora duara hewani kwa kidole. "Ipo miwili mipya. Ilikuja na pipa. Ipo stoo, kwenye boksi, funguo ninayo mimi. Mbona... hakuna aliyeniomba."

Kibibi alitoka juu ya udongo bila kuambiwa. Jeneza likashushwa. Winfrida hakuangalia linavyoshuka. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye pindo la kanga na kushika kile kitu kigumu kilichofungwa humo. Ilikuwa kanga nyingine, ya msiba, lakini chaki alikuwa ameihamisha. Hata mwenyewe asingeweza kusema kwa nini.

*

Alirudi kazini baada ya matanga. Alifika mapema, na wanawake wenzake nao walifika mapema, kila mmoja akidhani atakuwa wa kwanza.

Pipa lilikuwa na mpira mpya. Eliakimu aliufunga kwa mikono yake mwenyewe, akaungua kidole kimoja. Usiku kadhaa hakuwa amelala, akasoma upya faili lake lote, akapata jibu: alikosea kuandika thelathini ilhali mtu ameumia. Utaratibu haukufuatwa. Basi akaufuata, akaanza hesabu upya tangu siku ya maziko. Mlangoni ubao ulisema:

SIKU BILA TATIZO: 4.

Na pembeni, mahali pa jina la aliyeleta tatizo, kwa mwandiko wake mzuri wa shule: ALFREDI.

Winfrida alisoma. Akasoma tena, kama mtu wa darasa la saba anavyosoma barua ya serikali, kidole kikifuata herufi. Nyuma yake wenzake walisogea karibu.

Akafungua pindo la kanga. Akatoa chaki. Kwa kiganja cha mkono akafuta jina la mumewe, taratibu, mpaka weupe wa chaki ukabaki mkononi mwake. Hapo hapo akaandika: WINFRIDA. Herufi zilikwenda kombo kidogo kuelekea chini.

"Nilikwenda ofisini," alisema, akiwa bado amewapa watu mgongo. "Siku ya ishirini na saba. Nikaomba chaki."

Kibibi alimsogelea. Winfrida alidhani anakuja kumshika bega. Kibibi alichukua chaki mkononi mwake, akaandika chini: KIBIBI. Akampa Regina. Regina aliandika jina lake haraka haraka, maana alishalizoea pale ubaoni. Julia hakujua kuandika.

"Niandikie," alimwambia Regina. "Na uandike kubwa. Mimi ndiye niliyesema maandazi."

Walipanga mstari. Waliojua waliandika, wasiojua waliandikiwa, na majina yalipojaza pembeni yakaanza kupanda juu ya namba, mpaka ile 4 haikuonekana tena. Hapakuwa na wimbo wala hotuba. Ilisikika chaki tu, na mvua kwenye bati.

Eliakimu alitoka ofisini na kitambaa chake. Alisoma kuanzia juu. Alipofika katikati, mkono wenye kitambaa ulishuka.

"Huu ni nini?" aliuliza. "Mnanifanyia utani?"

"Utani si ulitukataza mwenyewe, Bwana Meneja," alisema Winfrida.

Kibibi alishika chaki iliyobaki. Ilikuwa imekwisha, haizidi jino. Akamnyooshea.

"Hapo chini pamebaki nafasi ya mtu mmoja, mtani."